Namna ya Kuitambua Chaja Halisi ya Simu na Kuikwepa ya Bandia

Mpaka miaka michache iliyopita, mnunuzi wa simu mpya alikuwa na uhakika wa kukuta chaja ndani ya boksi, na kwa sababu hiyo wengi wetu hatukuwahi kujifunza kuichagua chaja kwa makini tunayoichagua simu yenyewe. Mambo yalibadilika Oktoba 2020, Apple ilipoacha kuweka kichwa cha chaja katika maboksi ya iPhone 12, na miezi michache baadaye Samsung ikafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S21. Leo anayenunua simu za aina hiyo hupewa waya peke yake, na kichwa hulazimika kukitafuta mwenyewe, katika soko ambamo halisi na bandia hupangwa rafu moja zikiwa na rangi moja na maandishi yanayofanana.

Hatari iliyopo haiishii katika kuharibika kwa betri. Mwaka 2016, UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa vifaa vya umeme, lilizipima chaja 400 za bandia zilizotengenezwa zifanane na za Apple, zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Zilizofaulu vipimo vya msingi vya usalama zilikuwa 3 tu, na 12 kati ya zile 400 ziliundwa vibaya kiasi cha kumweka mtumiaji katika hatari ya kuuawa na umeme.

Mwongozo huu umesimama juu ya hoja moja. Anayeghushi chaja hughushi kile ambacho ni rahisi kukighushi, yaani nembo, rangi, boksi na maandishi, lakini faida yake hutoka katika vile alivyoviacha: shaba aliyoipunguza, uhami (kinga inayozuia umeme kupita) aliouruka, kifaa cha ndani alichokibadilisha kwa cha bei ndogo. Kwa hiyo katika kila hatua tutatafuta mahali alipobania gharama. Kufanana na halisi hakuthibitishi chochote, kwa kuwa kufanana ndiko alikokulipia.

Kwanza, tuelewane kuhusu maneno

Watu wengi huita "feki" chaja yoyote ambayo haikutengenezwa na kampuni ya simu yao, na hapo hukosea. Chaja bandia ni ile inayobeba jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Kampuni kama Anker, Belkin na Ugreen huuza chaja kwa majina yao wenyewe, na chaja hizo zinaweza kuwa nzuri sawa na za kampuni ya simu, pengine zaidi. Mwaka 2012 mhandisi wa Marekani Ken Shirriff alizipima chaja kumi na mbili za USB, akaona kwamba ile halisi ya Apple ilikuwa nzuri sana lakini haikuwa bora kuliko zote, huku zile za bandia zikitoa umeme mchafu na zikiwa hatari kwa namna zilivyojengwa. Kundi la tatu ni la chaja zisizo na jina lolote. Hizo hazijamwigiza mtu, lakini pia hazina wa kuwajibika zikileta madhara, na nashauri zipimwe kwa ukali uleule.

Hatua ya 1: Ijue chaja unayoitafuta kabla hujaenda kuinunua

Fungua tovuti rasmi ya mtengenezaji, utafute chaja anayoipendekeza kwa simu yako, kisha uandike mahali namba ya modeli, wati zake, na aina ya tundu la USB. Kwa mfano, chaja ya Samsung ya wati 25 iliyotumika kwa miaka kadhaa ilijulikana kwa modeli EP-TA800. Itazame picha yake kutoka pande zote, hasa upande wenye lebo. Plagi hutofautiana kufuatana na nchi, kwa hiyo tofauti ya pini peke yake, au ya herufi za mwisho za namba ya modeli, isikutie wasiwasi.

Hakikisha pia unajua simu yako hutumia mfumo gani wa kuchaji haraka. Simu nyingi hutumia USB Power Delivery, lakini baadhi ya kampuni zina mifumo yao, kama VOOC ya Oppo, ambayo hufanya kazi kikamilifu kwa kichwa na waya wa kampuni hiyo. Ukiichomeka simu ya namna hiyo kwenye chaja nzuri ya mfumo mwingine, itachaji polepole, na utaisingizia chaja isiyo na kosa. Nimeona chaja halisi zikitupwa kwa sababu hii.

Hatua ya 2: Soma lebo, kisha ifanyie hesabu

Hatua hii haihitaji kifaa chochote zaidi ya macho na simu yenye kikokotoo, na ndiyo inayowanasa waghushi wengi kuliko wanavyodhani. Kila chaja inayostahili jina hilo huwa na lebo yenye mistari miwili mikuu. Mstari wa INPUT hueleza umeme unaoingia kutoka ukutani, na kwa kawaida husomeka 100-240V~ 50/60Hz, ukifuatiwa na kiasi cha ampea. Kialama cha wimbi kinaonyesha kwamba huo ni umeme wa kubadilika. Mstari wa OUTPUT hueleza umeme unaokwenda kwenye simu, na mbele ya volti zake huwa na alama ya mstari mnyoofu wenye vistari vifupi chini yake, ambayo ni alama ya umeme usiobadilika mwelekeo.

Zidisha volti kwa ampea za OUTPUT ili upate wati. Katika ile EP-TA800, volti 9 mara ampea 2.77 ni wati 24.93, na hapo ndipo zinapotoka wati 25 zinazotangazwa. Chaja ya Apple ya wati 20 huandikwa volti 9 na ampea 2.22, jambo linalotoa wati 19.98. Ukikuta kichwa kimeandikwa "25W" kwa herufi kubwa usoni, lakini lebo yake ina volti 5 na ampea 2 tu, basi chaja hiyo imejikana yenyewe, kwa kuwa 5 mara 2 ni 10. Chaja halisi ya kuchaji haraka huorodhesha kila ngazi ya volti inayoitoa, kama vile 5 na 9, na zile kubwa zaidi huongeza 15 na 20. Lebo inayotaja volti 5 peke yake haiwezi kuwa ya chaja ya Power Delivery yenye wati 25.

Fanya pia hesabu ya upande wa pili. Hakuna chaja inayotoa nguvu nyingi kuliko inayopokea, na sehemu ya inayopokea hupotea kama joto. Chaja ikidai kutoa wati 65, huku mstari wa INPUT ukisema ampea 0.2, zidisha ampea hizo kwa volti 240, ambazo ndizo za juu kabisa kwenye lebo, utapata 48. Wati 17 zilizobaki zimetoka wapi? Mghushi aliyenakili lebo ya chaja ndogo akabadilisha namba moja tu husahau kwamba namba za lebo hushikana mikono.

Baada ya hesabu, tazama maandishi yenyewe. Herufi za lebo halisi huwa nyembamba, zilizonyooka, zisizovuja wino wala kupishana na mistari, na tahajia huwa sahihi. Kisha chukua kitambaa kilicholowa maji kidogo na kuisugua lebo kwa mkono kwa sekunde 15, chaja ikiwa imechomolewa. Ikaushe vizuri kabla ya kuitumia tena. Jaribio hili si la kubuni: viwango vya kimataifa vya usalama wa vifaa hivi hutaka lebo isuguliwe kwa maji kwa sekunde 15, kisha kwa kimiminika cha petroli kwa sekunde 15 nyingine, na bado isomeke. Sehemu ya petroli waachie maabara. Ya maji inatosha kukuonyesha lebo iliyopigwa kwa wino wa kufutika.

Hatua ya 3: Zitazame nembo za usalama, lakini usizisujudie

Nembo inayoonekana zaidi ni CE ya Umoja wa Ulaya. Kwa bidhaa kama chaja, mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetamka kwamba ametimiza masharti na kuibandika. Hakuna ofisi inayompa nembo hiyo mkononi. Kuwepo kwake, kwa hiyo, hakuthibitishi mengi, ingawa kuchorwa vibaya kunaeleza jambo. Herufi zake mbili huchorwa kutokana na duara mbili, na mstari wa katikati wa E huwa mfupi kidogo kuliko ncha zake za juu na chini. Zikiwa zimesongamana mno, au zimepigwa kwa herufi za kawaida za kompyuta, anza kushuku. Simulizi iliyoenea kwamba kuna nembo nyingine rasmi ya CE yenye maana ya "iliyotoka China" haina msingi. Nembo rasmi ya namna hiyo haipo, na kilichopo ni CE zilizochorwa ovyo.

Nembo ya UL ina manufaa zaidi, kwa sababu mara nyingi huambatana na namba inayoanza na herufi E, na namba hiyo inaweza kutafutwa katika hifadhidata ya shirika hilo kwenye intaneti. Namba ikionekana kuwa ni ya kampuni nyingine, au ya bidhaa isiyokuwa chaja, jibu umelipata. Alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa humaanisha kwamba chaja ina uhami maradufu na haitegemei waya wa ardhi. Namba ya Kirumi VI ni ngazi ya ufanisi wa matumizi ya umeme. Mghushi huweza kuzinakili zote hizi, na hunakili. Lakini akikosa hata moja kati ya zile ulizoziona kwenye picha rasmi, amekurahisishia kazi.

Hatua ya 4: Chunguza pini kwa rula

Ingekuwa naruhusiwa kuchagua hatua moja tu ya kumfundisha mtu, ningechagua hii. Pini ni chuma, chuma ni gharama, na vipimo vyake vimewekwa na viwango hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kwa hiyo ni mahali ambapo ubahili huonekana kwa macho.

Kwa plagi ya pini tatu bapa ya mtindo wa Uingereza, inayofuata kiwango cha BS 1363, pima umbali kutoka ukingo wa pini hadi ukingo wa kichwa cha chaja. Umbali huo haupaswi kupungua milimita 9.5. Ukipungua, kidole cha anayechomeka au kuchomoa kinaweza kuigusa pini ingali na umeme. Pini mbili za chini zinapaswa kuwa na ala ya plastiki karibu na shina lake, ili zikichomoka nusu, sehemu inayoonekana isiwe na umeme. Pini ndefu ya juu, ya ardhi, haipaswi kuwa na ala hiyo, na ukiikuta nayo, aliyeitengeneza hakuelewa alichokuwa akinakili.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Chaja nyingi halisi za mtindo huo zina pini ya ardhi ya plastiki tupu, na watu huichukulia kama ushahidi wa ubandia. Sivyo. Chaja yenye uhami maradufu haina haja ya waya wa ardhi, na pini hiyo ipo kwa kazi moja tu, nayo ni kufungua vizibo vya usalama ndani ya soketi.

Kwa plagi ya pini mbili za mviringo ya Ulaya, pini huwa na kipenyo cha milimita 4 na urefu wa milimita 19, na nusu ya shina lake hufunikwa kwa ala. Ukitazama kwa makini utaona kwamba pini hizo zimeelekeana kidogo nchani. Hiyo si kasoro. Zimekusudiwa zibane ndani ya soketi. Pini zilizonyooka kabisa, nyembamba, na zinazocheza zikichomekwa ndizo za kutiliwa shaka.

Kwa plagi ya aina yoyote, tazama rangi na ukamilifu wa chuma. Pini halisi hung'aa sawasawa, haina michirizi, na kingo zake zimelainishwa. Ya bandia mara nyingi huwa imefifia, ina kingo kali, au imekunjwa kutoka bati jembamba badala ya kuwa kipande kimoja kizima. Kisha ichomeke bila simu: iingie bila kusukumwa kwa nguvu, na ikishaingia isitikisike wala kuning'inia. Pini inayogusana vibaya na soketi hutoa cheche, cheche huzaa joto, na moto mwingi unaoanzia ukutani huanza hivyo.

Hatua ya 5: Pima uzito na mwili, ukijua kilichomo ndani

Inafaa kuelewa chaja hufanya nini, maana ndipo uzito unapopata maana. Umeme wa ukutani wa volti 230, ukishanyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita iliyo ndani ya chaja, hufikia kama volti 325. Saketi huukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, huupitisha kwenye transfoma ndogo, na upande wa pili hutoka volti 5 au 9 zinazokwenda kwenye simu. Katika kichwa kinachoenea kiganjani, volti 325 na waya unaoishia mkononi mwako hutenganishwa na milimita chache tu.

Mtengenezaji makini huacha nafasi ya milimita kadhaa kati ya pande hizo mbili, mara nyingine akakata ufa kwenye ubao wa saketi. Huzungusha transfoma kwa waya wenye tabaka tatu za uhami pamoja na utepe. Huweka fyuzi, kichujio cha kelele za umeme, na kapasita maalumu ya usalama inayounganisha pande mbili bila kuvunjika kwa urahisi. Katika chaja za bandia zilizofunguliwa na wahandisi, nafasi hiyo imekutwa ikiwa chini ya milimita moja, kapasita maalumu imebadilishwa kwa ya kawaida, na kichujio hakipo kabisa. Vyote hivyo vilivyokosekana vina uzito, na ndiyo maana chaja bandia mara nyingi huonekana nyepesi kama kopo tupu.

Hata hivyo uzito usitumike peke yake. Chaja mpya zinazotumia galiamu nitraidi badala ya silikoni ni ndogo na nyepesi kwa nguvu zinazotoa, nazo ni halali; na anayetaka kudanganya anaweza kupachika kipande cha chuma ndani. Linganisha na halisi ya modeli ileile, ukiweza kwa mizani ya jikoni. Itikise karibu na sikio. Chaja halisi haina kitu kinachogongana ndani. Pitisha ukucha kwenye mstari ambapo nusu mbili za mwili hukutana: ziwe zimeyeyushwa pamoja, pasiwe na mwanya, gundi iliyomwagika wala alama za kubanduliwa.

Usiifungue kwa hali yoyote ili kuona mwenyewe. Kapasita ya ndani inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na chaja iliyokwisha kupasuliwa haifai tena kutumika.

Hatua ya 6: Usiusahau waya

Waya mbovu huweza kuifanya chaja njema ionekane mbaya, kwa hiyo uchunguze peke yake. Waya wa Lightning wa Apple huwa na maandishi madogo kiasi cha sentimita 18 kutoka upande wa USB: "Designed by Apple in California", kisha nchi ulikounganishwa, kisha namba ya utambulisho yenye tarakimu 12 au 17. Kichwa chake cha Lightning ni kipande kimoja laini, na vigusio vyake vya dhahabu huwa vya mviringo na vilivyosawazishwa. Vya bandia huwa na pembe kali au vimeinuka bila mpangilio.

Kwa USB-C, kumbuka kwamba waya wa kupitisha zaidi ya ampea 3 lazima uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa, inayoijulisha chaja uwezo wake. Waya usio na chipu hiyo, hata ukiandikwa wati 100 kwa herufi za dhahabu, chaja halisi itaukatalia na kubaki kwenye ampea 3. Nyaya zenye USB-A upande mmoja na USB-C upande wa pili zinapaswa kuwa na kipingamizi cha kiloomu 56, kifaa kidogo kinachoieleza simu kiasi cha umeme inachoweza kudai. Wanaobana matumizi au wasiojua kazi huweka cha kiloomu 10, na matokeo yake simu hudai umeme mwingi kuliko tundu linavyoweza kutoa. Kwamba haya si nadharia tu alilijua mhandisi wa Google, Benson Leung, aliyekuwa akizipima nyaya hizo kwa hiari yake: mwaka 2016 kompyuta yake iliharibiwa na waya mmoja ambao ndani yake chanya na hasi zilikuwa zimebadilishana mahali.

Hatua ya 7: Ijaribu na simu, ukiwa macho

Ichomeke kwanza bila simu kwa dakika kadhaa, mahali pagumu pasipo na nguo wala karatasi. Ikianza kunguruma kwa sauti kubwa, kunuka plastiki au kupata moto bila kufanya kazi yoyote, jaribio limekwisha. Ikitulia, iunganishe na simu ambayo betri yake iko kati ya asilimia 20 na 30. Usianzie asilimia 80, kwa kuwa hapo simu yoyote hupunguza mwendo ili kuilinda betri, na hutaambulia kitu cha kupima.

Jambo la kwanza la kutazama ni kioo. Fungua sehemu ya kuandikia, uandike sentensi mbili tatu simu ikiwa inachaji. Kioo cha mguso hufanya kazi kwa kuhisi mabadiliko madogo sana ya umeme yanayosababishwa na kidole, na chaja isiyo na kichujio humwaga kelele za umeme zinazokichanganya. Herufi zikijiandika zenyewe, kioo kikiruka au kikikataa kuguswa, kisha kikatulia mara tu unapochomoa, chaja hiyo ndiyo mkosaji. Watu wengi hulaumu simu, wengine hufika hadi kubadilisha kioo.

Jambo la pili ni mwendo. Betri ya miliampea-saa 5000 hubeba kama wati-saa 19. Chaja ya wati 25 inayosema kweli, kwenye simu inayoikubali, itaongeza kama asilimia 50 ndani ya nusu saa. Inayotoa wati 5 tu, baada ya kutoa sehemu inayopotea kama joto, itaongeza kama asilimia 10 kwa muda huohuo. Tofauti hiyo huhitaji saa ya ukutani tu kuitambua. Kabla ya kuihukumu, rudia jaribio kwa waya mwingine unaouamini, simu ikiwa haitumiki.

Joto la chaja ni la kawaida, hasa dakika za mwanzo. Lisilokuwa la kawaida ni lile linalokufanya uondoe kiganja kabla hujahesabu tano, au plastiki kuanza kubadilika rangi karibu na pini.

Kuhusu msisimko mwepesi wa umeme ambao baadhi ya watu huuhisi wakipitisha kidole juu ya fremu ya chuma ya simu inayochaji: hutokea hata kwa chaja halisi za pini mbili, kutokana na ile kapasita ya usalama iliyotajwa, na mkondo wake umewekewa mpaka mdogo sana na viwango. Kuuhisi huo peke yake hakutoshi kuitia hatiani chaja. Mpigo unaoshtua mkono, au unaouma, ni jambo jingine kabisa; zima swichi ya ukutani kwanza, ndipo uguse chochote.

Hatua ya 8: Ukitaka uhakika zaidi, tumia kipima cha USB

Hiki ni kifaa kidogo kinachokaa kati ya chaja na waya, kikionyesha volti na ampea zinazopita. Kichomeke moja kwa moja kwenye tundu la chaja, maana waya mrefu hupunguza volti na kukudanganya. Katika ngazi ya volti 5, namba inapaswa kubaki kati ya 4.75 na 5.25 hata mzigo unapofikia ampea zilizoandikwa. Chaja inayodai ampea 2 lakini volti zake zikaporomoka chini ya 4.75 ikifika ampea 1 imeandikiwa uwezo isiokuwa nao. Kwa chaja ya kuchaji haraka, tazama kama volti hupanda kutoka 5 hadi 9 muda mfupi baada ya simu inayokubali mfumo huo kuunganishwa. Zisipopanda kamwe, "fast charging" iliyoandikwa kwenye boksi ni mapambo.

Kipima hiki hakioni uhami. Chaja inaweza kutoa volti 5 safi huku ndani yake umeme wa ukutani ukiwa umetenganishwa nawe kwa utepe wa karatasi. Kwa hiyo matokeo mazuri ya hatua hii hayafuti mabaya ya hatua ya nne.

Kupima ushahidi na kuamua

Dalili hizi hazina uzito sawa. Pini zenye vipimo vibaya au zinazocheza, lebo inayojipinga kwa hesabu, kioo kinachoruka, au mpigo wa umeme: moja tu inatosha kuikataa chaja, hata kama ina risiti na imefungwa kwenye boksi zuri. Uzito mdogo, maandishi yaliyopauka kidogo, rangi iliyotofautiana na picha, nembo iliyokaa vibaya na bei iliyo chini mno ya ile ya mtengenezaji ni dalili za kukusanywa. Mbili au tatu zikikutana, usinunue. Unaponunua kwenye intaneti huwezi kushika chochote, basi muombe muuzaji picha ya lebo na ya pini za chaja ileile atakayokutumia, na ufanye hatua ya pili na ya nne kwenye picha hizo kabla ya kulipa. Muuzaji anayetuma picha ya tovuti ya kampuni badala ya picha ya bidhaa aliyonayo amekwisha kukujibu.

Ukigundua kwamba uliyonayo nyumbani ni ya bandia, acha kuitumia siku hiyohiyo, wala usimpe mtu mwingine kwa kuwa "inachaji tu". Mrudishie muuzaji ikiwa bado una haki hiyo, na uhifadhi picha za lebo na pini kama ushahidi. Ikiwa hairudishiki, ichomoe, iache kwa siku nzima, kisha ipinde pini zake kwa koleo ili atakayeiokota asiweze kuichomeka, na uipeleke panapopokelewa taka za vifaa vya umeme. Usiichome moto, kwa sababu plastiki na vifaa vyake vya ndani hutoa moshi wenye sumu.